Kofia Juu ya Bunduki

Niliinua kofia ya mama mkwe wangu kutoka juu ya ile bunduki, nikaivaa mwenyewe, na ukumbi mzima wa chama cha wakulima ukanyamaza. Mwanamke aliyekuwa akikata pai ya tufaha aliacha kisu katikati ya pai. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, miwili tu tangu niolewe katika bonde lile la Montana, na nilikuwa nimetenda jambo ambalo wanaume wazima waliwahi kung'oana meno kwa ajili yake.

Sheria ya kofia haikuandikwa popote. Kwenye mauzo yetu ya kila mwaka, mwezi Mei, ukishaipenda bunduki unaiwekea kofia yako juu, basi, imekuwa yako, na muuzaji hasemi tena na mtu mwingine. Kuiondoa kofia yako mwenyewe ni kuvunja neno lako. Kuiondoa ya mwenzako ni kumwambia mbele ya watu kwamba neno lake si neno. Na kofia niliyoiinua mimi ilikuwa ya Orpha Tollefson.

Kwa miaka arobaini hakuna aliyenunua bunduki ya kitanzi katika bonde lile bila kupita kwa Orpha. Nazungumzia zile bunduki fupi za wapanda farasi, zenye kitanzi cha chuma chini ya mkono: unakishusha, ganda la risasi iliyopigwa linaruka, unakipandisha, risasi inaingia. Wanaume wenye ndevu walimletea wakiwa wamevua kofia, kama wanaompelekea mchungaji mtoto wa kubatizwa. Yeye aliichukua, akaipitishia vidole, akaisikiliza, akachungulia ndani, akasema "ndiyo" au "hapana", na mjadala ukaishia hapo. Mimi nilikuwa nikimtazama na kusahau kufumba mdomo. Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono mikubwa kuliko ya mwanawe, na mikono hiyo ilipogusa chuma ilitulia kabisa, kama inayosikiliza kitu tusichokisikia sisi wengine.

Mwaka ule, 1961, tulikuwa na shida. Mapema mwezi Mei farasi wa mume wangu Wendell aliteleza kwenye tope la theluji inayoyeyuka, akamwangukia. Wendell alivunjika nyonga. Bunduki yake, iliyokuwa ndani ya ala ubavuni mwa tandiko, ilipinda kama kijiko. Na ilikuwa zamu yetu kupeleka mchunga ng'ombe mlimani. Familia kumi na moja zilishirikiana malisho yale ya juu. Asiyetuma mtu kwenye zamu yake alipoteza nafasi, na bila malisho yale tungeuza ng'ombe wote kabla ya majira ya baridi. Orpha alikuwa na miaka sitini na tisa. Nikabaki mimi, binti wa fundi viatu wa mjini, niliyejifunza kupanda farasi nikiwa na pete ya ndoa kidoleni. Nilitakiwa kukaa mlimani peke yangu tangu Juni hadi Septemba, mahali ambapo dubu wakubwa huteremka kula ndama.

"Si tuazime bunduki kwa jirani?" niliuliza.

"Azima na mswaki wake kabisa," alisema Orpha.

Wiki mbili alinifundisha mezani jikoni, kwa mabaki ya bunduki ya Wendell, huku Wendell akipiga kelele kutoka chumbani kwamba anaumwa na hakuna anayemjali. "Bunduki ya mlimani unaibeba siku mia, unaipiga siku moja," Orpha aliniambia. "Kwa hiyo usiogope iliyochakaa. Rangi ikilika hapa chini, pa kubebea, huo ni uchakavu wa heshima. Ukiona inang'aa rangi mpya, jiulize. Kizee akijipaka wanja, kuna jambo." Vichwa vya skrubu vikiwa vimetafunwa, alisema, ujue imepitia kwa fundi wa Jumapili. Nyundo, kile kidude cha nyuma kinachogonga risasi, iweke nusu, uisukume kwa gumba. Ikidondoka, iache bunduki mezani na uende kunywa kahawa.

"Na kitanzi usikibembeleze," alisema. "Hapo ndipo wageni mnapokufa. Mnakishusha kwa adabu, hakifiki mwisho, risasi inakwama, na dubu hana adabu. Kishushe kama umekasirika."

"Sijakasirika, Mama."

"Umeolewa miaka miwili. Tafuta sababu."

La mwisho lilikuwa pete. Mtu akianguka, theluji ikaziba mdomo wa mtutu, naye akafyatua bila kuikung'uta, chuma huvimba pale risasi ilipobanwa. Kwa nje huenda usione kitu. Ukiweka karatasi nyeupe nyuma na kuchungulia kutoka mbele, utaona kivuli cha duara kimezunguka ndani, chembamba. Bunduki hiyo inaweza kupiga mara mia bila shida, na mara ya mia na moja ikakupasukia usoni. Orpha aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja maradhi.

Basi tukaenda kwenye mauzo. Niliendesha mimi pikapu, kwa sababu Orpha alisema goti linamsumbua. Muuzaji alikuwa Lester Quigg, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa akiuza vitu vya shemeji yake marehemu. Juu ya meza palikuwa na bunduki nne. Watu walitupisha. Orpha akaenda moja kwa moja kwenye ya kwanza, na nakiri ilikuwa nzuri: kitako cha mti wa jozi kisicho na mkwaruzo, skrubu safi, uchakavu kidogo mahali panapostahili. Akaupapasa mtutu mzima kwa ncha za vidole, pamoja na mkanda wa chuma unaoufunga kwenye mti wake, akakishusha kitanzi na kukipandisha mara tatu, akainamisha sikio. Niliweka kipande cha karatasi nyuma, yeye akachungulia mbele.

"Safi kama maji ya chemchemi," akasema, na kofia yake ikatua juu. Watu wakapiga makofi kidogo. Quigg akatoa kalamu ya kuandikia risiti.

"Na wewe chungulia, msichana," Orpha akaniambia, akainyanyua kofia yake kidogo kunipisha. "Uone bunduki nzima inavyoonekana."

Nikachungulia. Mistari iliyojipinda ndani ya mtutu iling'aa vizuri, ikizunguka kuelekea kwenye mwanga, na katikati ya safari yake ikakatwa na kivuli cha duara, chembamba kama pete ya kidoleni kwangu. Nikafumba jicho, nikalifumbua. Kilikuwa pale pale.

"Mama, hebu tazama tena. Pale katikati."

Akatazama tena. Na hapo ndipo nilipoona kilichonitia ganzi. Jicho lake halikuwa kwenye tundu la mtutu. Lilikuwa pembeni, upana wa kidole, limetulia kwa heshima zote, likitazama hewa. "Safi," akarudia, akairudisha kofia.

Mambo yakanijia yote kwa pamoja, na nikajiona mjinga. Kile kidole alichochovya kikombeni akimimina kahawa, kujua imefika wapi. Barua alizonipa nimsomee kwa kuwa mwandiko wa siku hizi ni mbovu. Jinsi alivyokutazama bega akizungumza nawe, tukadhani ni kiburi. Goti lililoumwa kila palipohitajika kuendesha gari. Yule mwanamke ambaye bonde zima lilichungulia kwa jicho lake alikuwa haoni, na alikuwa amewaficha wote, hata mwanawe.

Nikinyamaza, nitapanda mlimani na kifo mkononi. Nikisema "pete", kila mtu atachungulia, kila mtu ataiona, na kila mtu atageuka kumtazama yeye. Miaka arobaini ingeanguka mbele ya pai na kahawa. Quigg alikuwa ameshaandika jina kwenye risiti.

Ndipo nikaiinua kofia.

"Mlimani naenda mimi," nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Bunduki nachagua mimi. Hii siipendi."

Orpha alisimama bila kutikisika. Aliugeuza uso wake kuelekea kwangu, kuelekea bega langu, na nikaona akitafuta sababu, akitafuta, kisha akaipata. Alikuwa mwepesi wa akili kuliko sote.

"Haipendi!" akaliambia lile kundi. "Pai yenyewe hajui kuoka, leo anajua bunduki! Haya, chagua, tuone." Akachukua kikombe cha kahawa, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

Niliziendea zile tatu zilizobaki. Ya kwanza niliiweka nyundo nusu, nikaisukuma kwa gumba, ikadondoka. Nikaiacha. Ya pili ilikuwa na skrubu safi na mtutu safi. Nikakishusha kitanzi kama alivyonifundisha, kwa hasira, nikakipandisha kwa hasira, na watu wakarudi nyuma wakidhani nina hasira kweli. Nilimtazama Orpha. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, sikio likinielekea mimi. Akanywa funda la kahawa. Nikarudia. Akanywa tena, kwa utulivu, kama mtu asiyesikia la maana, na nikaelewa ananiambia hapana.

Iliyobaki ilikuwa mbaya ya sura. Rangi ilikuwa imelika yote, kitako kilipata ufa zamani na mtu alikishona kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikakauka ikawa ngumu kama chuma. Niliisukuma nyundo, haikudondoka. Nilichungulia na mistari ikaenda moja kwa moja hadi kwenye mwanga bila kukatwa. Nikakishusha kitanzi. Sauti yake ilikuwa tofauti, hata mimi niliisikia: vishindo vitatu vifupi, kila kimoja kikikaa mahali pake, hakuna kinachogombana na mwenzake. Pale dirishani kikombe kilisimama kabla ya kufika mdomoni. Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Kikombe kikashuka polepole mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, kikatua.

Sijawahi, kabla wala baada, kusikia mtu akinijibu hivyo. Watu arobaini walikuwa kati yetu na hawakusikia neno. Nikaivua kofia yake kichwani mwangu, nikaiweka juu ya ile bunduki mbaya.

"Na kofia yangu anaitumia bure!" akasema Orpha bila kugeuka, watu wakaangua kicheko.

Tuliendesha mpaka tukavuka daraja. Bunduki ilikuwa kati yetu, imeviringishwa kwa gunia.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

"Nini, Mama?"

"Usijitie hamnazo. Pete."

"Katikati, chini ya ule mkanda wa chuma."

Akanyoosha vidole vyake, akavikunja. "Vilipita juu ya mkanda mara mbili," akasema. "Nikasema kilichovimba ni mkanda." Kisha, "Tangu majira ya baridi ya mwaka juzi. Pembeni naona. Katikati ya kila kitu pana moshi. Nikikutazama usoni, huna uso."

"Tumwambie Wendell?"

"Wendell akijua, kesho niko kwenye kiti cha jikoni na blanketi magotini. Sijafa bado. Niapie."

Nikaapa. Akageukia upande wa dirisha, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine. "Ningekuzika kwa mkono wangu, mwanangu." Miaka miwili alikuwa ameniita msichana na binti wa mjini. Niliyakaza macho barabarani kwa sababu nilikuwa siioni vizuri hata mimi.

Tulikuwa tumeshapita shamba la tatu alipopiga dashibodi kwa kiganja. "Geuza gari!"

"Kwa nini?"

"Ile nyingine bado iko mezani. Quigg si mwongo, hajui tu. Nani ataibeba?"

"Basi tumwambie Quigg ukweli."

"Quigg akiujua saa nane, saa tisa anaujua hata mbwa wake. Kiburi ni changu, na gharama ni yangu."

Tukarudi. Quigg alikuwa ameshaishika, akimwonyesha kijana mmoja mgeni aliyekuja kutafuta kazi ya kuchunga, kijana mwenye masikio makubwa na mke mjamzito kando yake. Sitawasahau wale wawili. Orpha alipita katikati yao kama mvua ya mawe, akaipiga kofia yake juu ya ile bunduki, akaibana na kiganja.

"Nilisema naitaka," akatangaza, "na naitaka."

"Bi Orpha," Quigg akasema, akijizuia kucheka, "bunduki mbili kwa nyumba moja?"

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Haya, haya. Mafahali wawili hawakai zizi moja," akasema Quigg, na ukumbi ukacheka hadi vikombe vikagongana. Orpha akalipa pesa zake za mayai za mwaka mzima, akatoka kichwa juu. Yule kijana akahamia kwenye ile niliyoikataa kwa sababu ya sauti yake. Orpha akamwambia akiwa mlangoni, "Hiyo ina springi iliyochoka. Badilisha, itakufaa."

Jioni ile tuliibana ile bunduki kwenye jiliwa la karakana, kile chuma cha kubania kazi, tukamwambia Wendell tunatengeneza bawaba ya lango. Nilikata mtutu kwa msumeno wa chuma, pale kwenye mkanda. Ilinichukua karibu saa nzima. Ulipokatika, nilimpa Orpha kipande. Akaingiza ncha ya kidole chake kidogo pale mdomoni, akakizungusha, akakizungusha tena. Kisha akashika ukuta wa mtutu kati ya kidole na gumba, upande mmoja wenye afya na upande mwingine uliovimba. Ule uliovimba ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na ulikuwa na ufa mmoja mdogo ambao hata mimi, kwa macho yangu mazima, sikuwa nimeuona. Yeye aliukuta kwa kucha.

"Hata mara mia usingepata," akasema. "Labda tatu." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa bado ameshika kile kipande. Nilikaa chini kando yake, juu ya vumbi la chuma. Nilikuwa namwogopa kidogo, nilikuwa nampenda, na sikujua lipi lilianza.

Nilipanda mlimani tarehe moja Juni. Mwezi Agosti, asubuhi moja, dubu alisimama kwa miguu miwili kutoka kwenye vichaka vya matunda, hatua thelathini kutoka kwangu. Farasi alinitupa na kukimbia. Bahati yangu bunduki ilikuwa mkononi. Nataka kusema niliogopa, lakini neno hilo ni dogo. Alikuwa mkubwa mno, jua likimpiga mgongoni na manyoya yote yakiwaka ncha zake, na alinitazama bila chuki yoyote, kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni aliyekosea mlango. Nikakishusha kitanzi kwa hasira zote nilizowahi kufundishwa. Vishindo vitatu. Nikapiga ardhini mbele yake, nikakishusha tena, nikapiga tena, na chuma hakikusita. Akashuka kwa miguu minne, akaniwazia kidogo, akaondoka zake kwa mwendo wa mtu asiyefukuzwa. Nilikaa kwenye nyasi hadi jua likafika utosini. Ng'ombe wote niliwarudisha Septemba, isipokuwa ndama wawili.

Kila mwezi Mei baada ya hapo tulikwenda kwenye mauzo, Orpha nami. Watu waliendelea kumletea bunduki, naye akaendelea kuzisikiliza, na kila alipomaliza mimi nilichungulia na kumbishia au kunung'unika kwamba angalau leo amepatia. Tuligombana mbele ya pai kwa miaka kumi na minne. Watu walikuja mapema kupata viti. Hakuna bunduki mbovu iliyotoka pale. Wendell alituomba tuwe na haya kidogo, na alikufa akiamini mama yake na mke wake hawaivi chungu kimoja.

Tulimzika Orpha mwezi Februari, ardhi ikiwa ngumu hadi wachimbaji wakawasha moto juu yake kwanza. Baadaye, katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri, nilikuwa namimina kahawa nilipomwona Lester Quigg akinijia, amezeeka, kofia mkononi, macho mekundu.

"Pole sana, Inga," akasema. "Nilitaka kukuambia jambo. Sote tulikuwa tunaona. Yule mama alikuwa mgumu, na wewe uliishi naye nyumba moja miaka yote hiyo, hamuelewani hata kidogo, na hukumwacha. Mungu atakulipa."

Nilimtazama. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kumwambia ukweli, ndipo nikakumbuka kiapo.

"Hatukuelewana hata siku moja," nikasema, "juu ya bunduki."

Akanipiga bega, akaenda kutafuta kiti. Mimi nikaweka birika chini, nikaingia ghala la vyombo, nikafunga mlango nyuma yangu, nikalia kwa sauti mpaka wanawake wa kanisa wakaanza kuulizana ni nani yule.